Ganda (katika kompyuta)

ganda nm. (LI-YA, wingi: maganda). Programu inayopokea amri iliyoandikwa na mtumiaji, ikaitekeleza, kisha ikamrudishia jibu. *Fungua ganda, andika 7 * 6, usubiri.*

Ganda la lugha ya programu, kama lile la Python, huzunguka bila kuchoka: husoma mstari, huukokotoa, huonyesha matokeo, hungoja mwingine. Mtumiaji aweza kulirekebisha apendavyo. Alama >>> inayomkaribisha hubadilishwa kwa kuipa sys.ps1 thamani nyingine. Na amri zilizomo katika faili inayotajwa na PYTHONSTARTUP hutekelezwa kila ganda linapofunguliwa.

Maana hii ni tafsiri ya neno la Kiingereza ambalo Louis Pouzin alilitumia hivyo katika miaka ya 1960. Sitiari ni ya tunda: kiini ndani, ganda nje. Msomaji wa Newala au Masasi atawaza korosho, na sitiari itamfaa nusu tu. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua vidole, na mbanguaji huliondoa ili aifikie mbegu. Hili la kompyuta haliondolewi. Kiini hufikiwa kwa kupitia humo humo.

Matumizi. Umbo la kutohoa, *sheli*, halifai: kwa Watanzania sheli ni kituo cha mafuta ya magari, na mwanafunzi akiambiwa “fungua sheli” ana haki ya kucheka. *Ganda* nalo lagongana na kitenzi *ganda*, kwani kompyuta isiyoitika husemwa “imeganda”. “Ganda limeganda” ni sentensi sahihi kisarufi, ila darasani afadhali “ganda limekwama”.