Tongoni: Kabla ya Picha, Toa Salamu

Sisi washonaji tuna jambo la kuungama. Tulimpeleka bibi harusi wetu kupiga picha Tongoni, kusini mwa Tanga mjini, tukatandaza shela yake juu ya kaburi ili ionekane vizuri. Bibi mmoja wa kijijini akatuuliza, "Wanangu, huyo mnamjua?" Tukanyamaza.

Kumbe tongo ni mahame. Hapa palikuwa na mji wa Waislamu uliostawi karne ya 14 na 15. Umebaki msikiti wenye mihrabu na makaburi zaidi ya 40, mengine ya nguzo zilizopambwa zamani kwa mabakuli ya Kichina. Mwaka 1498 meli ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama fungu karibu na pwani hii. Wenyeji wakawaendea kwa mashua, moja imejaa machungwa. Ndio watu waliolala pale.

Basi shoga, nenda, lipa kiingilio, piga picha karibu na bahari. Ila usikae juu ya kaburi, Mtume (s.a.w.) amekataza. Anza kwa salamu, uwaombee dua. Nao waliwahi kuwa maharusi.