Jinsi ya kukinga kipakatalishi dhidi ya virusi na kupotea kwa data

KIPAKATALISHI kikiibwa au kikiharibika, mwenyewe anaweza kununua kingine. Lakini tasnifu, alama za wanafunzi, hesabu za biashara na picha za familia zilizokuwamo hazipatikani dukani.

Suala hili linawagusa kwa karibu wakazi wa Kitengela, Isinya na Kajiado, miji iliyo kando ya barabara ya Namanga. Kitengela, ambayo kwa mujibu wa sensa ya 2019 ina zaidi ya watu 150,000, ni makao ya wafanyakazi wengi ambao husafiri kila siku kwenda Nairobi na Athi River, baadhi yao wakiwa na vipakatalishi begani. Mwalimu huhifadhi humo ripoti zake, mpimaji ardhi ramani za mashamba, na mfanyabiashara stakabadhi anazohitaji kuwasilisha ushuru kwa KRA kupitia mfumo wa iTax.

Watu wengi wakitajiwa usalama wa kompyuta huwazia virusi pekee. Hata hivyo, data hupotea pia kwa wizi, hitilafu za umeme, joto, vumbi, na kwa mtumiaji mwenyewe kufuta faili kimakosa. Programu ya kukinga virusi haimfai kitu aliyeporwa begi katika kituo cha matatu. Kinga inayofaa dhidi ya hatari zote hizo ni moja: nakala nyingine ya kazi, iliyowekwa mbali na kipakatalishi.

Nakala za akiba

Wataalamu hupendekeza kanuni ya tatu, mbili, moja. Kila faili muhimu iwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati yazo iwe mahali pengine kabisa. Kwa mfano, mwalimu wa Kajiado anaweza kuwa na nakala ya kwanza katika kipakatalishi, ya pili katika diski ya nje iliyofungiwa kabatini nyumbani, na ya tatu katika hifadhi ya mtandaoni.

Google hutoa nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo, nayo Microsoft gigabaiti 5. Hati za maandishi huchukua nafasi ndogo sana, hivyo basi nafasi hiyo inaweza kutosha kwa miaka mingi. Anayehofia gharama ya bando anaweza kupakia hati pekee mtandaoni, kisha picha na video akazihifadhi katika diski ya nje.

Kuna mambo matatu ambayo hupuuzwa. Kwanza, diski ya nje ichomolewe mara tu kazi ya kunakili inapokamilika, kwa kuwa virusi vinavyoshambulia kipakatalishi hushambulia pia diski iliyounganishwa nacho. Pili, hifadhi ya mtandaoni inayojisasisha yenyewe hufuata kila kinachofanyika katika kipakatalishi: faili ikifutwa huku, hufutwa na kule. Katika Google Drive, faili iliyotupwa hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 30, kisha hutoweka. Tatu, nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haiaminiki. Inafaa kufungua faili chache kila mwezi ili kuhakikisha kuwa zinasomeka.

Flashi ni chombo cha kubebea faili wala si ghala. Ni rahisi kupotea, na aghalabu huharibika bila kutoa ishara yoyote.

Jinsi virusi huingia

Flashi ndiyo njia ya zamani ya kusambaza virusi na ingali inatumika. Kirusi cha Conficker, kilichogunduliwa Novemba 2008, kilienea kwa njia hiyo pamoja na mtandao. Mnamo 2011 Microsoft ilitoa marekebisho yaliyozuia programu zilizomo katika flashi kujiendesha zenyewe. Wahalifu wakabadili mbinu: virusi huficha folda za mwenyewe na kuweka alama zinazofanana nazo, naye akizibofya huwa amekiamsha kirusi kwa mkono wake.

Hatari hiyo hujitokeza sana pale mtu anapokwenda kuchapisha hati katika vituo vya intaneti, maarufu kama saiba, ambako kompyuta moja hupokea flashi za wateja wengi kwa siku. Njia salama zaidi ni kutuma hati kwa anwani ya saiba kutoka kwa simu ya mteja mwenyewe. Kufungua barua pepe katika kompyuta ya saiba si suluhisho, kwa sababu nywila inaweza kunaswa. Pasipokuwa na budi ila kutumia flashi, iwe na faili ile moja tu inayochapishwa, na ikaguliwe kwa programu ya kukinga virusi kabla ya kutumiwa tena nyumbani.

Njia ya pili ni viambatisho vya barua pepe. Faili inaweza kuonekana kama ankara au barua ya kuitwa kazini ilhali ni programu. Kwa kawaida Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili, hivyo faili iitwayo "ankara.pdf.exe" husomeka kama "ankara.pdf". Mtumiaji anaweza kubadili mpangilio huo ili jina lote lionekane.

Njia ya tatu ni programu zilizonakiliwa kinyume cha sheria. Nyingi humtaka mtumiaji azime kwanza kinga ya virusi, na hiyo peke yake ni ishara tosha ya hatari. Windows 10 na 11 huja na kinga iitwayo Defender, isiyolipiwa, ambayo inamtosha mtumiaji wa kawaida mradi isizimwe. Kuweka programu mbili za kinga kwa pamoja hakuongezi usalama. Huenda zikagongana na kupunguza kasi ya kompyuta.

Virusi vinavyodai fidia

Aina hii hufunga faili kwa msimbo, kisha mwenyewe hudaiwa pesa ili azifungue. Mnamo Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry kilianza kushambulia kompyuta katika zaidi ya nchi 150. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuziba mwanya huo tangu Machi mwaka huo. Walioathirika hawakuwa wameyaweka. Nchini Kenya, kampuni ya maduka ya Naivas ilitangaza Aprili 2023 kwamba ilishambuliwa na wahalifu wa aina hiyo.

Kusasisha mfumo kwa wakati ni lazima. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Mwenye kipakatalishi cha zamani kisichoweza kupokea Windows 11 anaweza kuweka mfumo wa Linux, ambao haulipiwi.

Umeme, vumbi na wizi

Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima. Kipakatalishi chenye betri nzima hustahimili hali kama hiyo. Kilichonunuliwa kikiwa kimetumika, na ambacho betri yake imekufa, huzimika papo hapo na kinaweza kuharibu faili iliyokuwa ikiandikwa. Stima ikipotea, chaja ichomolewe, kwani umeme unaporudi unaweza kuja na nguvu kupita kiasi.

Wakati wa kiangazi, vumbi la Kajiado huziba matundu ya kupitishia hewa na kukifanya kipakatalishi kupata joto jingi. Kisitumiwe juu ya godoro au blanketi, na matundu hayo yasafishwe mara kwa mara.

Kuhusu wizi, nywila ya kuingilia haitoshi, kwa kuwa diski inaweza kung'olewa na kusomwa katika kompyuta nyingine. Dawa ni kufunga diski yote kwa msimbo, huduma iliyomo katika vipakatalishi vingi vya kisasa. Ufunguo wake wa dharura uhifadhiwe mahali tofauti. Ukipotea, huenda hata mwenyewe akafungiwa nje.

Hasara inapotokea

Faili ikifutwa kimakosa, mtumiaji aache mara moja kuhifadhi chochote katika diski hiyo. Katika diski za SSD, faili iliyofutwa mara nyingi hairudishiki. Diski ya kuzunguka ikianza kutoa mlio wa kugonga, kompyuta izimwe na kupelekwa kwa fundi.

Virusi vya fidia vikiingia, intaneti ikatwe na diski za nje zichomolewe. Kulipa hakutoi hakikisho la kupata faili. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa 2016 kwa ushirikiano wa Europol na polisi wa Uholanzi, hutoa bila malipo funguo za baadhi ya virusi hivyo. Visa vinaweza kuripotiwa kwa polisi au kwa KE-CIRT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Anayehifadhi taarifa za wateja, wagonjwa au wanafunzi ana wajibu zaidi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa hizo zikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya wahusika kudhurika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kwake yeye, kupotea kwa kipakatalishi si hasara yake peke yake.