Kompyuta mpakato kwa wafanyabiashara wa mipakani: ndogo, lakini yenye nguvu

Kwa wakala wa forodha au msafirishaji wa Malaba au Rusumo, simu ya mkononi inatosha kupiga picha ya mzigo na kuwasiliana na dereva. Haitoshi kulinganisha ankara, orodha ya bidhaa na tamko la forodha kwa pamoja. Uganda, Rwanda na Burundi zinatumia mfumo wa ASYCUDA World wa UNCTAD, na tarakimu moja iliyokosewa kwenye tamko inaweza kulaza lori mpakani.

Hata hivyo udogo peke yake si sifa. Eee PC ya Asus, iliyotoka mwaka 2007 na kioo cha inchi 7, ilipendwa kwa bei lakini ilielemewa na kazi nzito. Siku hizi kompyuta ya inchi 13 au 14, yenye uzito wa kilo 1.3 hivi, inabeba RAM ya GB 16. Ichukuliwe hiyo tangu mwanzo, kwani nyingi za aina hii RAM yake imechomelewa ndani na haiongezwi. Hifadhi iwe SSD: haina kinachozunguka, hivyo inastahimili mtikisiko wa kabini kuliko diski za zamani.

Kuhusu umeme, malori makubwa hutumia volti 24 na magari madogo 12. Kompyuta inayochajiwa kwa USB-C hufanya kazi ndani ya lori, mradi chaja ya gari ikubali volti zote mbili na itoe wati 45 hadi 65. Ya volti 12 tu huungua.

Wengi hununua zilizotumika, na hapo ndipo hasara ilipo. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inahitaji, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa chache. Core i5-7300U ni kizazi cha 7. I5-8350U ni cha 8. Kwa nje mashine hizo hufanana kama mapacha, na muuzaji hana haraka ya kueleza tofauti.

Kabla ya kulipa, amri ya powercfg /batteryreport iandikwe kwenye Windows. Itaonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo uliobaki. Ikiwa umebaki nusu, bei ya betri mpya ikatwe hapo hapo.