Kabureta: Koo la Injini

Mto Athi hupita kati ya Makueni na Kitui, na kwenye kingo zake zote mbili bustani hunyweshwa kwa pampu ndogo za petroli. Mtu angedhani pampu hizo huharibika zaidi kiangazi, zinapounguruma mchana kutwa juu ya mchanga wa mto. Sivyo. Fundi huwa na kazi nyingi zaidi majuma ya kwanza baada ya mvua kukatika. Mvua za vuli zikianza Oktoba, pampu huingizwa stoo. Mwisho wa Januari sukuma wiki na nyanya zinaanza kunyauka, pampu inatolewa, kamba inavutwa mara kumi, mara ishirini, na mashine haitoi hata kikohozi. "Ni plagi," mwenyewe anasema. Plagi inabadilishwa. Kimya. Ndipo fundi wa pikipiki anapoitwa kutoka sokoni, na kabla hajashuka vizuri anatamka neno: kabureta.

Kiswahili kimelipokea neno hili kwa kulipa vokali zake na kuliweka katika ngeli ya I-ZI, pamoja na jenereta na redieta: kabureta imeziba, kabureta zimeziba. Shina lake ni la Kifaransa, nalo linahusu kaboni. Petroli imeundwa kwa kaboni na haidrojeni, kwa hiyo chombo kinachoitia hewa petroli kiliitwa, kwa maana ya asili, kitia-kaboni. Jina hilo linataja kinachotiwa, lakini halisemi kinatiwaje. Nadhani ndiyo sababu wengi wetu hulaumu plagi kwanza: plagi tunajua inatoa cheche, ilhali kabureta ni jina tu la kipande cha chuma.

Tuanze na kazi yake. Petroli ya majimaji haiungui ndani ya injini. Unaoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa. Kwa ujazo tofauti hiyo inashangaza zaidi: lita moja ya petroli humeza lita zipatazo 9,000 za hewa, karibu kujaza lile tangi la lita 10,000 tunalokingia maji ya paa. Kabureta ndiyo inayopima uwiano huo, bila umeme wala kompyuta.

Inaupimaje? Kwa koo. Ndani yake mna njia ya hewa ambayo katikati imebanwa. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alieleza mwaka 1797 kwamba kimiminika kinachopita mahali pembamba huongeza kasi, na shinikizo lake hushuka. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Pistoni inaposhuka huvuta hewa kupitia koo hilo, shinikizo linashuka, na petroli inafyonzwa kutoka chini kupitia kitundu, inarushwa kama manyunyu. Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya kunyunyiza ya namna hiyo mwaka 1893, na pampu ya bustani ya leo bado inaifuata kanuni ileile.

Kiingereza huliita koo hili kwa jina la Venturi. Mimi naliita koo, kwa sababu neno hilo linafungua na jingine. Mafundi wote husema choki, na wachache hukumbuka kwamba choki maana yake ni kukaba. Ni kibati kinachoziba njia ya hewa asubuhi injini ikiwa baridi. Petroli baridi haigeuki mvuke kwa urahisi, kwa hiyo tunaikaba hewa ili petroli iingie kwa wingi. Choki ni ngeta anayopigwa hewa, na ngeta isipoachiliwa injini hulowa petroli na kuzimika. Anayejua kwamba kuna koo na kuna kukabwa hahitaji kukariri lini aivute choki na lini airudishe.

Chini ya koo kuna bakuli la petroli, na ndani ya bakuli kuna kile mafundi wanachokiita floti. Pwani tunalo neno la siku nyingi: boya. Mvuvi wa Lamu mwenye mashine ya kabureta kwenye boti yake ana maboya ya wavu juu ya maji na boya dogo ndani ya mashine, na yote yanafanya kazi moja, kuelea. Mitaani boya ni mtu asiyejua kitu, lakini huyu wa kabureta ni bawabu. Petroli ikipanda, boya linapanda nalo na kusukuma sindano inayofunga mlango. Ikishuka, mlango unafunguka. Petroli ikimwagika nje ya kabureta, sindano haifungi sawasawa au boya limetoboka. Kile kitundu cha kupimia, chenye upana usiofika milimita moja, kinaitwa jeti. Hilo ni neno fupi na kila fundi analo. Sioni haja ya kulibadilisha.

Sasa turudi mtoni. Nilimtazama kijana mmoja akihudumia pampu ya mama mwenye shamba la nyanya. Alianza kwa kulegeza mfuniko wa tangi, kwa kuwa tundu lake la hewa likiziba, injini huwaka dakika chache kisha hukata. Haikuwa hiyo. Alifungua plagi: kavu kabisa. "Mama, cheche tuache. Hii haipati petroli." Akakinga glasi chini ya bakuli, akalegeza boliti ya kumwagia. Kilichotoka kilikuwa rangi ya chai ya rangi, na harufu yake si ya petroli bali ya vanishi kuukuu. Glasi ilipotulia, chini yake yalijikusanya matone mawili ya maji, yakitikisika kama gololi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo ndiyo yanayofika kwenye jeti kwanza.

Alipoifungua jeti na kuielekeza juani, hakuona mwanga. Hakutafuta waya wa chuma. Jeti ni ya shaba, na waya huipanua. Tundu likipanuka kidogo tu uwiano umeharibika na moshi utakuwa mweusi daima. Aliiloweka katika petroli safi, akapitisha unyuzi wa ufagio, akapuliza kwa pampu ya baiskeli. Injini iliwaka, lakini ikawa inapanda na kushuka, na choki ikirudishwa inakata. Dalili hiyo inasema hewa inaizidi petroli, yaani bado kuna uchafu. Akafungua tena, akasafisha njia ndogo ya pembeni. Mara ya tatu ikatulia.

Uchafu ule ulitoka wapi? Petroli iliyoachwa miezi mitatu hupoteza sehemu zake nyepesi, na inayobaki huoksidika na kuacha utando wa gundi. Utando huo haufanyiki mtambo ukiwa kazini. Hufanyika wakati wa mvua, bustani ikijinywea yenyewe na pampu ikiwa imesahauliwa. Kuna na uchakachuaji. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei yake isimvutie mtu kuyachanganya na petroli au dizeli. Petroli yenye mafuta ya taa huwaka kwa shida injini ikiwa baridi, na plagi huota masizi. Basi nayo plagi husingiziwa tena.

Yule mama aliuliza afanye nini ili yasimrudie. Kijana alimwonyesha kibomba kidogo kati ya tangi na kabureta. Siku ya kuiweka stoo, alisema, awashe injini, afunge kibomba hicho, kisha aiache izimike yenyewe kwa kulimaliza bakuli.

"Kwa hiyo ilale njaa?" mama akauliza.

"Ilale njaa, mama."