Mchango Unaobaki: Kutoka Wakfu wa Pwani Hadi Taasisi za Jamii

Katika miji midogo ya Afrika Mashariki, kutoa si jambo la kufundishwa. Mtu akifiwa Tunduru, Voi au Kasulu, daftari la michango hufunguliwa kabla ya jua kutua, na hadi maziko yanakwisha kila senti imeandikwa jina la aliyeitoa. Vikundi vya kina mama, kamati za maji, vikundi vya vijana na vyama vya kuzikana vimebeba mzigo ambao serikali za mkoloni na serikali za uhuru hazikuufikia. Hata hivyo, fedha zinazokusanywa kwa moyo mkubwa namna hii huisha pamoja na shughuli iliyoziita. Darasa likiezekwa, mfuko unafungwa. Mwaka unaofuata paa likivuja, watu wanaanza tena sifuri.

Kwa zaidi ya karne moja jamii zetu zimekuwa zikitafuta njia ya kuufanya mchango ubaki, na wakati huohuo ubaki mikononi mwa wanaouhitaji. Yako mambo mawili ndani yake, yaani mtaji usiokwisha na sauti ya watu wa mahali hapo. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi tumepata moja tukakosa jingine.

Mali iliyofungwa

Wa kwanza kulitatua suala la mtaji walikuwa watu wa pwani. Lamu, Mombasa na Unguja, mwenye nyumba au shamba la minazi aliweza kuliweka wakfu. Kuanzia siku hiyo mali ile haikuuzwa wala kurithiwa. Kodi ya nyumba au mauzo ya nazi yalinunua mafuta ya taa za msikiti, yakatunza kisima na kumlipa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mtoaji aliondoka duniani, wakfu ukabaki. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Kiingereza uliziweka mali hizo chini ya tume maalumu huko Zanzibar na katika pwani ya Kenya, na usimamizi wa wakfu kupitia tume unaendelea hadi leo.

Wafanyabiashara wenye asili ya India nao waliacha alama za aina yao. Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la jengo la tiba Unguja mwaka 1887. Alifariki mwaka 1891, na jengo likakamilika miaka mitatu baadaye. Leo linajulikana kama Dispensari ya Zamani. Sewa Haji Paroo, aliyetajirika kwa kuandaa misafara ya Bagamoyo, alitoa jengo la shule mjini humo kwa sharti kwamba lipokee watoto wa rangi zote, na fedha zake zikajenga hospitali Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1897. Wagonjwa wanaolazwa katika jengo la Sewahaji pale Muhimbili wanalitaja jina lake kila siku, wengine bila kujua alikuwa nani.

Ukarimu huo ulikuwa mkubwa, lakini uamuzi ulikuwa wa mtoaji peke yake. Aliyeandika hati ya wakfu ndiye aliyepanga matumizi, na majirani hawakuwa na njia ya kuyabadili mji ulipobadilika. Kodi iliyotosha kuendesha chuo wakati wa babu haikutosha hata kupaka chokaa wakati wa wajukuu. Nyumba nyingi za wakfu zilichakaa kwa sababu mtaji ulikuwapo bila watu wa kuufikiria upya.

Nguvu ya vikundi

Bara na pwani kwa pamoja, sauti ya watu ilikuwa ndani ya vikundi. Wapare walikuwa na msaragambo, siku ya kazi ambapo kijiji kizima kilitoka na majembe kuchimba mfereji au kutengeneza njia. Katika miji, ngoma ya beni iliyoanza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 ilienea hadi ndani ya Tanganyika. Nyuma ya magwaride ya vikundi vya beni kama Marini na Arinoti kulikuwa na vyama kamili vyenye vyeo na michango, vilivyomsaidia mwanachama mgonjwa na kumzika aliyefariki mbali na kwao.

Miaka iliyofuata vikundi viliongeza malengo. Kilimanjaro, wakulima wa kahawa walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa muungano wa ushirika wa KNCU. Kahawa ikawa ada ya shule. Huko Githunguri nchini Kenya, mwaka 1939, chuo cha ualimu chini ya Mbiyu Koinange kilifunguliwa ili kulea shule huru za Wakikuyu. Marika yalishindana kuchanga kwa ajili ya majengo yake. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952, baada ya kutangaza hali ya hatari.

Uhuru haukuvilinda vikundi moja kwa moja. Mkoani Ruvuma, Tanzania, kuanzia kijiji cha Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wanavijiji waliunda umoja wao wa maendeleo. Walilima pamoja, wakaendesha shule yao, na miradi yao ikamilikiwa na vijiji wenyewe, vilivyofikia 17 hivi. Mwalimu Nyerere alivutiwa nao alipokuwa akiifikiria siasa ya ujamaa. Lakini mwezi Septemba mwaka 1969 chama tawala, TANU, kiliupiga marufuku umoja huo na kuchukua mali zake. Somo lake ni chungu: kikundi chenye sauti, kikikosa ngao ya kisheria inayotenga mali yake na mamlaka, kinaweza kufutwa kwa uamuzi wa kikao kimoja.

Harambee na wingu lake

Kenya ilichagua njia nyingine. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta alilifanya neno harambee kuwa mwito wa taifa, na nchi ikaitika. Kwa miaka 15 ya mwanzo zilijengwa shule za sekondari, zahanati, majosho na miradi ya maji ambayo bajeti ya serikali isingeweza kuigharimia. Kina mama wa Mkoa wa Kati walizunguka kutoka boma hadi boma wakichangiana mabati, wakang'oa nyasi juu ya nyumba zao na kuvuna maji ya mvua. Yalikuwa maendeleo yanayoonekana kwa macho, na yalitoka mifukoni mwa watu wa kawaida.

Kisha wanasiasa waligundua jukwaa. Harambee ikawa mahali pa kutangaza bahasha, na machifu wakaanza kudai mchango kama kodi. Mwaka 2003 serikali ya Mwai Kibaki iliunda kikosi kazi kuchunguza michango hiyo, na mwaka huohuo sheria ya maadili ya watumishi wa umma ikawekea mipaka ushiriki wa maafisa. Julai 2024, baada ya maandamano makubwa ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki katika harambee. Kati ya matukio hayo mawili ilipita miaka 21 na ugonjwa ulikuwa uleule. Fedha zinazotolewa kwa siku moja mbele ya kipaza sauti humfuata mwenye kipaza sauti.

Wafadhili wa nje nao walikuja kwa wingi katika miaka ya 1980 na 1990, wakati masharti ya marekebisho ya uchumi yalipopunguza matumizi ya serikali katika afya na elimu. Walileta fedha, magari na mafunzo, lakini waliratibu kila kitu kwa mradi wa miaka miwili au mitatu. Kikundi cha mji mdogo kilijifunza kuandika andiko lenye maneno ya mfadhili, na mradi ulipokwisha ofisi ilifungwa. Nchini Tanzania, umbali kati ya mfadhili na kikundi ulipunguzwa kwa kuanzishwa Foundation for Civil Society, iliyoanza kazi mwaka 2003 ikikusanya fedha za wafadhili mbalimbali na kuzigawa kama ruzuku, zikiwamo ruzuku kwa asasi ndogo za wilayani. Kikundi cha Lindi au Kigoma kiliweza kuomba kwa taasisi iliyo nchini mwake.

Wazo lililoanzia Cleveland

Jibu la kuunganisha mtaji na sauti lilikuwa limeshajaribiwa mbali. Mwaka 1914, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, mwanasheria na mkuu wa benki Frederick Goff aliona wasia za matajiri zikikwama: fedha zilitengwa kwa mahitaji ambayo hayapo tena, na marehemu hakuweza kuulizwa. Akapendekeza fedha za watoaji wengi ziwekwe pamoja, mtaji utunzwe, na kamati ya raia wa mji huo iamue kila wakati faida itumike wapi. Mwaka uliofuata Chicago na Boston zilifuata mfano huo. Goff alikuwa amelikabili tatizo lilelile lililozichakaza nyumba za wakfu za pwani yetu.

Huku kwetu wazo hilo lilipata umbo mwaka 1997, ilipoanza Kenya Community Development Foundation jijini Nairobi, kwa msaada wa mashirika ya Ford na Aga Khan. Iliamua mapema kwamba haitakuwa mlango mwingine wa kupitishia fedha za kigeni. Ilianza kujenga mfuko wa kudumu unaowekezwa, ikaruhusu jamii, familia na kampuni kufungua mifuko yao ndani yake, na ikaweka utaratibu ambapo kikundi hukusanya kwanza kwa watu wake kisha taasisi huongeza juu yake. Chini ya Janet Mawiyoo, aliyeiongoza kwa miaka mingi, ilishikilia msimamo kwamba jamii maskini ina mali: ardhi, kazi, ujuzi, na mchango wa kila mwezi.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme kikundi cha wazazi katika mji mdogo kimechanga shilingi milioni 1, na taasisi ikaongeza milioni 1. Zikiwekezwa kwa faida ya asilimia 10, mwaka unaleta shilingi 200,000. Sehemu moja hurudishwa katika mtaji ili mfumuko wa bei usiule, nyingine hulipa ada za wanafunzi wawili watatu au matengenezo ya pampu. Ni kiasi kidogo, lakini kitakuwapo mwakani, na mwaka wa baadaye, bila kumpigia magoti mgombea yeyote.

Kinachokuja pamoja na fedha kina uzito uleule: kumfundisha mweka hazina kufunga hesabu za mwezi, kuandika katiba inayosema viongozi wanatoka lini, kuketi na wanakikundi na kuwauliza wanataka nini kabla ya kuwaonyesha fomu. Vikundi vyenyewe vimeandaliwa vyema. Mfumo wa kuweka na kukopa kwa hisa, ulioanza Maradi nchini Niger mwaka 1991 na kuzaa vikoba vya Tanzania, umewazoeza mamilioni ya wanawake kufungua sanduku la kufuli tatu mbele ya wote. Tangu M-Pesa izinduliwe Kenya mwaka 2007, mtoto wa mji aliye Nairobi au Muscat anatuma mchango wake na risiti inabaki. Mwaka 2022 Kenya ilipitisha sheria ya usajili wa vikundi vya jamii, inayokipa kikundi cha watu kumi au zaidi utambulisho rasmi. Ngao ambayo Litowa haikuwa nayo imeanza kufumwa.

Kazi iliyobaki ni ya pande mbili. Taasisi za ufadhili zikitaka kustahili jina la jamii, ziwape viti katika bodi wale wanaoendesha kamati za maji na vyama vya kuzikana, na ziseme hadharani fedha ziko wapi na zimeamuliwa na nani. Vikundi navyo vianze kutenga sehemu ya kila mchango isiyoguswa, hata kama ni shilingi kumi katika kila mia, na kuiweka chini ya hati ambayo mwenyekiti hawezi kuivunja peke yake. Waliotutangulia pwani walijua kufunga mali isiliwe, na waliotutangulia bara walijua kuamua kwa pamoja. Kizazi chetu kina sheria, simu na benki za kuyafanya yote mawili mahali pamoja, na hakina sababu ya kuanza tena sifuri.