Ambari na Asili Yake

Ambari, malighafi ya manukato ambayo kwa karne nyingi ilichukuliwa na majahazi kutoka pwani ya Zanji, yaani Afrika Mashariki, kupelekwa Omani na Bara Hindi, imezuliwa nasaba nyingi za uongo: wako waliodai kwamba hububujika katika chemchemi zilizo chini ya bahari, wengine kwamba ni uyoga uotao vilindini, na wengine, pasipo haya, kwamba ni mavi ya ndege.

Al-Masudi wa Baghdad, aliyesafiri kutoka kisiwa cha Kanbalu hadi Omani mwaka 304 Hijria (916 Miladia), aliisifu ambari ya pwani ya Zanji kuwa ndiyo bora, yenye mabonge ya mviringo, pengine makubwa kama yai la mbuni. Naye alijua ya kuwa hupatikana matumboni mwa nyangumi, ila alidhani mnyama huyo ameimeza baharini, ikamwua. Kwa zama zake alikaribia ukweli kuliko wengi waliomfuata.

Mwaka 1783 tabibu Franz Schwediawer aliwabainishia wanazuoni wa Royal Society, London, kwamba ambari hufanyika mumo humo matumboni mwa nyangumi alaye ngisi, kwani midomo migumu ya ngisi, isiyosagika, huonekana imenasa ndani yake. Ikiwa mbichi ni nyeusi na yanuka vibaya. Harufu ile inayotamaniwa na waundao manukato huja baada ya miaka ya kuelea juani na katika maji ya chumvi.