UZI: Daraja la miguu, mto wa Donholm na ahadi inayorudi kila msimu wa kura

1/ Kampeni zikikaribia, mto unarudi midomoni. Tutausafisha, tutapanda miti, tutaweka njia ya kutembea kando yake, tutajenga daraja la waenda kwa miguu. Picha ya kompyuta inazunguka kwa simu, upande mmoja unashangilia, mwingine unacheka. Uzi huu hautaji chama wala mheshimiwa. Ni historia, ndio ukibishana ujue unabishania nini.

2/ Tuanze na jina. Donholm imetokana na Doonholm, shamba la ng'ombe wa maziwa la mlowezi kutoka Uskoti. Doon ni mto wa kule kwao. Yaani mtaa una jina la mto wa Uskoti, na huku mto ulio karibu nao wengi wanauvuka bila kujua unaitwaje. Unaitwa Ngong.

3/ Mto Ngong unatoka Nairobi Dam, unapita Industrial Area na Mukuru, unakatiza Outering, halafu unateremka mashariki hadi unakutana na Mto Nairobi. Upande mmoja kuna Donholm, ng'ambo kuna Tassia na Pipeline. Watu wa pande hizi mbili wanahitajiana kila siku: kazi, soko, shule, kanisa, msikiti.

4/ Mbona umechafuka hivi? Jiji lilianza 1899 kama kituo cha reli, na jina lake linatokana na maneno ya Kimaasai ya maji baridi. Mpango mkuu wa 1948 uliimarisha mgawanyo uliokuwepo: viwanda kando ya reli, nyumba za wafanyakazi Waafrika upande wa mashariki. Sasa angalia mito inaelekea wapi. Mashariki. Kinachomwagwa juu, Eastlands ndiyo inakipokea.

5/ Baada ya uhuru, viwanda viliita watu wengi kuliko nyumba zilizojengwa. Mukuru ikakua hapo hapo kando ya mto, kwa sababu mwenye mshahara mdogo anaishi mahali anaweza kufika kazini kwa miguu. Na hadi leo Nairobi safari za miguu ni nyingi kuliko za magari binafsi. Shika hiyo, tutairudia.

6/ Ahadi za kusafisha nazo si za juzi. 1999: mpango wa bonde la Mto Nairobi chini ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri. 2008: serikali ikaanza msukumo mwingine. Mwisho wa 2022: Tume ya Mito ya Nairobi. 2024: vijana wakaajiriwa kuzoa taka mitoni. 2025: mradi wa takriban bilioni 50 ukazinduliwa.

7/ Hapa wengi wanapotelea. Ule mradi wa 2025 ulitangazwa kwa mkondo wa kilomita 27 hivi, kutoka Naivasha Road hadi Ruai. Huo ni Mto Nairobi. Wa Donholm ni Ngong. Kwa hivyo mtu akisimama Donholm akuahidi daraja, swali la kwanza: mto gani, na liko kwa bajeti ya mradi gani?

8/ Donholm tayari ina somo la madaraja, na walilipa nalo damu. Outering ilipopanuliwa katikati ya miaka ya 2010, magari yalianza kukimbia kabla madaraja ya miguu hayajakamilika. Watu wakavuka mbio katikati ya magari, wengine hawakufika ng'ambo. Barabara ilihesabiwa kama maendeleo, mtembeaji akawekwa mwisho wa foleni.

9/ Somo la pili la Outering: daraja likikaa mbali na mahali watu wanavukia, au likiwa giza usiku na wezi wamejaa, litapuuzwa. Kisha tutawalaumu watu eti ni wakaidi. Kabla ya kuchora daraja la mto, simama hapo saa kumi na mbili asubuhi uone njia ambayo miguu imeshachora.

10/ Sasa swali zito: nani atahama? Kanuni zetu zinazungumzia mita 6 hadi 30 kutoka ukingo wa mto. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali iliamuru watu watoke ndani ya mita 30, nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru, na kila familia ikaahidiwa shilingi 10,000. Mto kweli unaua, hilo si mchezo. Lakini 10,000 Nairobi ni kodi ya miezi mingapi?

11/ Wanaopenda kutaja Seoul, sawa. Mto Cheonggyecheon ulifufuliwa 2003 hadi 2005, karibu kilomita 6, barabara ya juu ikang'olewa na madaraja 22 yakajengwa. Ni kweli unapendeza. Ni kweli pia wachuuzi waliokuwa pale walihamishwa, na ugomvi ukawa mkubwa. Ukileta picha ya Seoul, leta nusu zote mbili.

12/ Mfano wa karibu zaidi uko Kibera. Tangu 2006, wakazi na shirika la KDI wamekuwa wakitengeneza sehemu za umma kando ya mito: daraja dogo, kuta za mawe, vyoo, vibanda. Vyoo na vibanda vinaingiza pesa ya matunzo. Na Mukuru ilitangazwa eneo maalum la upangaji 2017, wakazi wakakaa mezani na kuchora mtaa wao. Si kwamba hatujui kufanya.

13/ Mabishano ya mtandaoni: “sewa kwanza” ama “daraja kwanza”? Wote wana hoja. Daraja halisafishi mto. Bila mabomba ya majitaka utajenga baraza la kutazamia uchafu. Lakini mtoto anayevuka mvua ikinyesha hawezi kungoja miaka kumi ya sewa. Daraja ni gharama ndogo kando ya mabilioni hayo. Lianze, mradi lisitumike kufunika kazi iliyobaki.

14/ Akija kuomba kura, muulize haya matano:
– Mto gani, na kutoka wapi hadi wapi?
– Viwanda vilivyo juu vitaacha lini kumwaga?
– Nani anahama, anaenda wapi, analipwa lini?
– Taa na ukarabati ni pesa ya nani mwaka wa tatu?
– Mwenye kiti cha magurudumu na mama mwenye mkokoteni watapanda vipi?

Akijibu matatu kwa tarehe na kiasi, msikilize. Akikuonyesha picha tu, mwambie picha tunazo tangu 1999.